Makaa ya Kifaru

Jina la Kifaru hakupewa na wazazi. Alilipata mchana mmoja, akiwa bado mtoto wa kupanda juu ya ndoo ili achungulie dirishani, siku baba yake alipokuwa akimshushia kaka yake mkanda uani, wapangaji wote wakitazama. Baba alikuwa mchinjaji. Alirudi nyumbani na mikono iliyozoea kupiga kitu kisichorudisha, na watoto wake wawili walikuwa hawarudishi. Siku hiyo msichana aliinamisha kichwa, akatoka mbio, akamtia baba yake kichwa cha tumbo. Mchinjaji akakaa kitako ndani ya beseni la nguo. Wapangaji walicheka wakashika mbavu, na mmoja akapaza sauti, "Kifaru huyo! Mpisheni!" Jina likaganda.

Kicheko kilipokwisha, baba aliinuka akiwa amelowa chepechepe, akamfuata. Hapo kaka akamlalia dada yake, akamfunika mwili mzima, kiganja kimoja kimemziba sikio, na mkanda wote ukamwishia yeye mgongoni. Hakulia. Alikuwa akimnong'oneza mdogo wake sikioni, "Nyamaza, atachoka. Huwa anachoka." Na kweli alichoka, lakini si upesi.

Hivyo ndivyo walivyolelewa wawili hao, na kila mmoja alitoka na lake. Kaka hata kabla hajaota ndevu alikwenda kubeba magunia ya mkaa, weusi ukamwingia kwenye mistari ya viganja usitoke tena hata akijisugua kwa jiwe, watu wakamwita Masizi. Baadaye akawa na bohari lake mwenyewe, na mtaa mzima ukawa wake. Aliyejaribu kuuza mkaa bila ruhusa yake alikuta magunia yamemwagiwa maji, na aliyerudia alikuta meno yake chini. Kwa dada yake, hata hivyo, Masizi alikuwa mtu mwingine. Haukupita mwezi bila yeye mwenyewe kuja na gunia begani, analibwaga mlangoni, anasema, "Pika, mdogo wangu," kisha anaondoka bila kukaa.

Kifaru naye aliolewa, na ndoa haikufika mbali. Mume alijaribu kumnyanyulia mkono mara moja, akatoka nyumbani na pua iliyopinda, hakurudi hata kufuata viatu vyake. Masizi alipopata habari alicheka mpaka machozi. "Nilitaka nije nimvunje mimi," alisema. "Kumbe nimechelewa!"

Kazi aliyoipata ilikuwa kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, nyuma ya mtaa, upande ambao upepo ukigeuka watu hufunga madirisha. Uchafu wa vyoo vya mji mzima ulifika pale, mwingine kwa mabomba, mwingine kwa malori ya kunyonya mashimo. Walimweka kwenye vitanda vya kukaushia tope, buti za mpira miguuni, sepetu mkononi. Wiki ile ile ya kwanza, jamaa mmoja wa zamu yake alimshika makalio akidhani ni mzaha. Kifaru akamgeuzia ubapa wa sepetu usoni, jamaa akalala juu ya tope chali, mikono imetanuka.

Injinia wa mtambo alikuwa ameliona tukio zima. Alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni isije ikatumbukia. Alimwita Kifaru pembeni.

"Wewe unaogopa nini?" alimuuliza.

"Nyoka kidogo," alijibu Kifaru. "Watu hapana."

"Basi kesho njoo kwangu, nikufundishe mashine. Na yule nimemfukuza, usije ukammaliza."

Ndivyo Kifaru alivyopanda. Injinia alimfundisha taratibu, bila kumficha kitu. Kwanza lile tangi kubwa la mviringo, lililofunikwa pande zote lisiingie hewa, ambamo tope lilioza na kutoa gesi. Gesi ile ilikwenda kwenye injini, injini ikazungusha jenereta, na umeme wake ndio ulioendesha pampu na mashine zote za pale. "Choo cha mji kinajisafisha kwa nguvu zake mwenyewe," Injinia alipenda kusema, na kila akisema hivyo alifurahi kana kwamba ni mara ya kwanza. Gesi ikizidi, iliteketezwa juu ya bomba refu walilolipa jina la mwenge, maana iliyokaa bila kazi ni hatari tupu.

Kisha akamwonyesha bwawa la mapovu. Lilikuwa tangi la zege, wazi juu, refu kama ukumbi wa harusi, na maji yake yalichemka mchana kutwa ingawa hayakuwa ya moto. Hewa ilisukumwa kutoka chini ili wadudu wasafishao maji wapate kupumua. Daraja jembamba la chuma lilikatiza juu yake, lenye vyuma vya kushikilia vilivyofika kiunoni.

"Hili usilitazame kama maji," Injinia alimwambia. "Unajua kuogelea?"

"Najua."

"Haitakusaidia kitu. Hewa imeyafanya mepesi, hayabebi mtu. Ukitumbukia humo unakwenda chini kama nondo. Unakiona kile kitufe chekundu, kule mwisho wa daraja? Kinazima hewa. Mtu akianguka, usimrukie, mtakufa wawili. Kwanza kitufe, ndipo mtu."

Kilichobaki baada ya gesi kutolewa ni tope lililopoa, lisilonuka tena sana. Hilo lilianikwa juani, likachomwa ndani ya mapipa yenye vifuniko mpaka likawa jeusi kabisa, likachanganywa na uji mzito wa unga ili lishikane, likashindiliwa na mashine ya kushinikiza. Yalitoka madonge ya ukubwa wa ngumi. Yaliwaka polepole, hayakutoa moshi, na joto lake lilikaa hata chungu cha maharage kikaiva bila kuongezewa.

Kuyauza ndiko kulikokuwa na kazi. Kifaru alijaza toroli, akaingia nayo mtaani mwenyewe, na wanawake wakaziba pua mbele ya macho yake.

"Nipikie watoto wangu kwa mavi?" mmoja alimfokea. "Umerogwa?"

Aliyemwokoa ni Mama Pacha, mwenye kibanda cha chakula pale njia panda, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Alilishika donge, akalinusa, akaligonga kwenye meza.

"Na hizo mboga mnazonunua sokoni mnadhani zimekuzwa na nini?" aliwauliza wenzake. "Manukato? Hebu lete hayo madude, Kifaru. Yakinichafulia ugali nitakumwagia wewe."

Hayakuchafua kitu. Baada ya majuma machache sufuria zake hazikuwa na masizi tena, macho hayakumwasha, na wateja walikula palepale jikoni bila kukohoa. Habari ikatembea. Toroli ya Kifaru ikawa inasubiriwa, na madonge yakaitwa makaa ya Kifaru. Yeye mwenyewe, alipolisikia jina lile kwa mara ya kwanza likiitwa kutoka dirishani, alisimama katikati ya njia akatabasamu peke yake.

Masizi alianza kwa utani. Alisema wazi bohari lake litabaki, kwa kuwa hakuna mwanamume mwenye akili atakayekula chakula kilichopikwa kwa kinyesi cha jirani. Magunia yakaanza kurundikana. Utani ukaisha.

Alikuja kwa dada yake asubuhi moja, gunia begani kama kawaida, lakini safari hii hakulibwaga. Alisimama nalo mlangoni akatazama jiko. Ndani yake mlikuwa na madonge yakiwaka mekundu.

"Hata wewe," alisema.

"Kaka, ingia ukae."

"Unanifungia mlango, mdogo wangu. Unajua hilo?"

"Uza vyote viwili. Njoo uyauze haya bohari kwako, nitaongea na Injinia. Wewe una mikokoteni, una watu..."

"Mimi niuze mavi?" Sauti ilikuwa ya chini, na Kifaru aliijua sauti ile, baba yao alikuwa nayo kabla ya mkanda. "Mimi nimebeba magunia tangu sijaota ndevu. Mgongo huu nimeuvunja kwa mkaa. Acha hiyo toroli."

"Siachi."

"Acha, nakwambia kama kaka yako."

"Na mimi nakujibu kama dada yako. Siachi."

Masizi akalishusha gunia polepole, akachomoa kisu, akalipasua kutoka juu mpaka chini. Mkaa ukamwagika kizingitini. Akaukanyagakanyaga mpaka ukawa vumbi, akaenda zake.

Juma lililofuata vijana wake waliingia kibandani kwa Mama Pacha saa ya chakula cha mchana, watu wamejaa. Mmoja alipindua meza, mwingine akampiga teke mteja aliyetaka kuinuka, wa tatu akalishika sufuria la maji ya moto kwa vitambaa na kummwagia Mama Pacha miguuni. Ngozi ilitoka na soksi. Mwanamke yule mwenye kicheko kikubwa alipiga ukelele ambao waliousikia walisema hawatausahau, kisha sauti ikamkatika, akawa anafungua kinywa tu. Jiko lilipinduliwa, madonge yakatawanyika, na kijana mmoja akayasukumia kwa mguu kwenye mkeka wa plastiki mpaka kibanda kikashika moto.

Kifaru alifika majirani wakiwa wamemlaza Mama Pacha mlangoni pa duka, wakimmiminia maji baridi. Alimwangalia miguu mara moja tu. Hakuuliza ni nani. Aligeuka akaenda bohari akiwa bado na ovaroli na buti.

Masizi alikuwa amekaa juu ya mizani ya magunia, anachambua meno kwa kijiti. Mkewe alikuwa pembeni anafagia unga wa mkaa.

"Wifi, tulia kwanza," mke alianza kusema, akamwona usoni, akarudi nyuma na fagio lake.

Kifaru hakusimama. Alimpiga kaka yake ngumi ya mdomo, kijiti kikamchoma ufizi, damu ikatoka. Masizi akainuka akamrudishia kofi lililomzungusha. Wakakamatana. Walianguka juu ya magunia, wakabingirika, mkaa ukavunjika chini yao. Hakuna aliyekuwa anapiga kistaarabu. Masizi alimshika nywele akamgonga kichwa sakafuni. Kifaru alimng'ata kidole gumba mpaka akaonja mfupa. Mkewe Masizi alipiga kelele huku akiwapiga wote wawili kwa fagio, ndipo wapagazi wakaja kuwaachanisha, na ilichukua wanaume kadhaa.

"Amefanya nini yule mama?" Kifaru alikuwa anapiga kelele huku ameshikwa mikono. "Amekukosea nini? Ungekuja kwangu!"

Masizi alitema damu. Alikuwa akihema kama mtu aliyetoka kukimbia mbali.

"Nitakuja," alisema. "Usijali. Nitakuja hukohuko kwenye choo chenu."

Injinia alipeleka habari polisi, akaahidiwa kwamba doria itapita. Haikupita. Alichoweza kukifanya alikifanya: aliwakusanya wafanyakazi wote, akawaambia kwamba wakisikia fujo getini, wakimbilie nje, si ndani, na yeye na Kifaru watalishughulikia tangi. "Moto ukifika kwenye gesi iliyojaa, hatutabaki hata wa kuzikwa," alisema. "Kwa hiyo gesi iondoke kwanza. Tunaipeleka yote kwenye mwenge, ikateketee juu huko. Injini itazima yenyewe, mashine za hewa zitaendelea kwa umeme wa mji. Tumeelewana?"

Walikuja baada ya chakula cha mchana, jua kali, kivuli cha mtu kiko chini ya miguu yake. Kifaru alisikia kwanza kelele za geti kutikiswa, halafu kishindo cha geti kulala. Mlinzi alitupa rungu, mguu niponye. Kundi likaingia na mapanga, nondo na madumu ya petroli, wapagazi wa mkaa pamoja na wahuni wengine ambao hawakuwahi kubeba gunia maishani mwao.

Walianza na banda la madonge. Moto ulipanda mara moja, mweusi chini na mwekundu juu, na bati zikaanza kupasuka. Mfanyakazi mmoja aliyejaribu kuitoa mashine ya kushinikiza alikatwa panga la bega akaanguka magoti, mashine mbele yake. Hapo wale wa vitanda vya tope, ambao walikuwa wameambiwa wakimbie, hawakukimbia. Walikuja na sepetu zao. Ikawa patashika. Sepetu iliyonolewa na mchanga wa kila siku ni kitu kibaya sana. Mhuni mmoja aliinua mkono kujikinga, na vidole vyake viwili vikabaki kwenye tope. Watu waliteleza, wakaanguka, wakapigana wakiwa wamelala, huwezi kujua nani ni nani kwa matope.

Injinia na Kifaru walikuwa kwenye valvu ya kufungulia gesi iende kwenye mwenge. Jiwe lilitoka kusikojulikana likamgonga Injinia mdomoni. Alikaa chini, akatema meno kwenye kiganja, akayatazama, akayatia mfukoni.

"Zungusha," alisema kwa mdomo uliojaa damu. "Kushoto. Mpaka mwisho."

Kifaru alizungusha kwa spana ndefu mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Juu yao mwenge ukalipuka, moto ukanguruma urefu wa nyumba, na sauti ya injini ikaanza kufifia. Gesi ilikuwa inatoka, lakini tangi kama lile haliwi tupu upesi kama glasi ya maji. Ilihitaji muda.

Ndipo akamwona Masizi. Alikuwa ameachana na wenzake, dumu la petroli mkono mmoja, panga mkono mwingine, kiberiti kinywani, amekibana kwa meno. Alikuwa anakuja kwenye tangi la gesi, na njia ya mkato ilikuwa ni lile daraja juu ya bwawa la mapovu.

Kifaru akamkimbilia, spana bado mkononi, wakakutana katikati ya daraja. Chini yao maji yalikuwa yakichemka na kunguruma hata ikabidi wapige kelele ili wasikilizane.

"Kaka, rudi! Hiyo ni gesi! Tutakufa sote, na wewe!"

Masizi aliweka dumu chini, akatoa kiberiti kinywani.

"Nipishe."

"Watu wako wako mle! Mtaa uko nyuma ya ukuta! Mkeo yuko pale!"

"Nipishe, nimekwambia!"

"Sikupishi."

Alimpiga panga. Labda alikusudia ubapa. Baadaye alisema hivyo mahakamani, na Kifaru hakubisha. Lakini lilikuja na makali, likamkata sikio la kushoto likashuka begani. Kifaru alihisi kitu cha moto, kisha shingo yote ikalowa. Na mahali fulani ndani yake, chini kabisa, alihisi furaha. Alikuja kulikiri hilo kwa wifi yake peke yake, miaka mingi baadaye: kwamba alifurahi, kwa sababu sasa hakuwa na haja ya kumbembeleza tena.

Spana ilimpata Masizi kwenye nyonga. Mfupa ulilia. Alijikunja juu ya chuma cha pembeni, kiwiliwili nje, miguu darajani, panga likamtoka likaenda na maji. Kwa pigo lile alikuwa ameshakwisha, asingeweza kupiga hatua. Kifaru aliinama, akamshika vifundo vya miguu, akainua.

Hakukuwa na mshindo. Mapovu yalifunguka yakamchukua, yakafunga. Mkono mmoja ulitokeza, mweusi, vidole vimetanuka, ukapotea. Ikawa kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwa pale.

Kifaru alisimama. Kitufe chekundu alikuwa anakiona. Damu ilimchuruzika kwenye kiwiko ikidondoka kwenye maji, na maji yakaila bila kubadilika rangi. Alimwona Mama Pacha anafungua kinywa bila sauti. Aliiona ngozi kwenye soksi. Alijisemea, kwa maneno kabisa, "Akae humo." Na kwa muda huo aliosimama, alikaa humo.

Kilichomtoa pale hakikuwa huruma, alivyoeleza mwenyewe. Kilikuwa ni mkono ule. Ulimjia tena machoni ukiwa mdogo, usio na masizi, umemziba sikio asiusikie mkanda.

Akakimbia. Alikipiga kitufe kwa kiganja chote. Mashine za hewa zikashusha pumzi, zikanyamaza, na bwawa likaanza kutulia kutoka pembeni kuja katikati. Povu likatanda juu kama blanketi chafu. Hakuna kilichoelea. Alichukua mti mrefu wenye ndoana wanaoutumia kuvutia matambara, akachokoa hapa, akachokoa pale, akawa anaita, "Kaka! Kaka! Shika!" sauti inamkatika. Ndoana ikanasa shati. Alivuta kwa mkono mmoja uliobaki na nguvu, Injinia akaja akiyumba akashika naye, wakamfikisha kwenye ngazi na kumburuta juu ya zege.

Masizi alikuwa wa rangi ya majivu. Kifaru alimgeuza ubavu, akampiga mgongoni kwa ngumi, akampiga tena kwa nguvu kama anayetaka kumuua, mpaka maji yakatoka, yakafuatwa na matapishi, ukafuata mlio wa kifua kinachotafuta hewa. Pale alipokuwa akimpiga, shati lilipopanda, ndipo alipoziona zile alama za mkanda.

Wahuni walipoona mkubwa wao amelala na mwenge unanguruma juu ya vichwa vyao, kila mtu alitafuta ukuta wake wa kuruka. Polisi walifika kukamata waliobaki, wengi wao wakiwa hawawezi kutembea. Banda lote lilikuwa limekwisha. Tangi lilibaki limesimama.

Hospitali waliwaweka ndugu wale wodi mbili tofauti. Wifi alikuja kwanza kwa mumewe, akakaa huko muda mrefu, kisha akaja kwa Kifaru aliyekuwa ameshonwa bega na kufungwa kichwa. Alimpiga kofi palepale kitandani, upande wa sikio lililobaki. Halafu akakaa kwenye kiti, akalia, wala hakuondoka mpaka walipoletewa chai.

Mahakamani hakimu alimuuliza Kifaru kama ni kweli alimtupa kaka yake bwawani huku akiwa ameshaumia.

"Ni kweli," alisema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka afe."

Wakili wa serikali alifunika uso kwa mafaili. Hakimu akasema kwamba mtu aliyekuwa na petroli na kiberiti mbele ya tangi la gesi hana wa kumlaumu, na kwamba shahidi huyu angalau hadanganyi. Masizi alifungwa. Vijana waliommwagia Mama Pacha walifungwa zaidi.

Mama Pacha alirudi njia panda kwa mkongojo. Banda la madonge lilijengwa upya, kwa matofali safari hii, na Kifaru akawa mkuu wa zamu. Bohari la Masizi halikufungwa. Wifi aliliendesha mwenyewe, mkaa mtupu, na alikataa katakata kuingiza donge hata moja ndani. Akikutana na Kifaru njiani walisalimiana. Sikukuu zikifika walitumiana chakula. Kwa miaka hiyo hawakwenda zaidi ya hapo.

Masizi alitoka gerezani kabla ya muda wake, kwa sababu ya kifua. Maji yale machafu yalikuwa yamemwachia ugonjwa mapafuni ambao haukutibika sawasawa, na nyonga iliunga vibaya. Alikuwa anakaa siku nzima kwenye kiti mlangoni pa bohari, blanketi magotini hata penye joto. Kifaru alipita mara nyingi upande wa pili wa njia. Jumapili moja akavuka.

Alisimama mbele yake. Masizi hakuinua kichwa. Alimjua kwa buti.

"Muda gani?" aliuliza.

"Nini, kaka?"

"Ulisimama muda gani kabla ya kubonyeza? Nimelifikiria hilo kila siku nikiwa jela. Kule chini nilikuwa nahesabu, nikasema sasa atabonyeza. Sasa atabonyeza. Hukubonyeza."

Kifaru alitafuta uongo, hakuuona.

"Nilisimama," alisema. "Nilisema ukae humo."

Masizi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa kitu alichokiagiza. Kikohozi kikamshika, kikamkunja, kikamwachia. Alijifuta mdomo kwa pembe ya blanketi.

"Ningekuwa mimi juu na wewe chini," alisema, "nisingebonyeza kabisa."

"Najua."

"Basi unajua." Akasogeza mguu wake mzima, akakisukuma kigoda kilichokuwa kando ya mlango kikatoka juani. "Kaa. Unaniziba upepo."

Kifaru akakaa. Ndani wifi alikuwa anapima magunia na kugombana na mteja, na wao wawili wakabaki hapo nje wakisikiliza ugomvi ule mpaka saa ya zamu ya Kifaru ilipofika naye akainuka kwenda kazini.